Friji Halina Kosa

Walimwita Hakimu, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kumsifu. Jina lilianzia kwenye nyumba ya mama mmoja aliyetaka kumwachisha kazi dobi wake, kwa sababu kila dobi akiwasha pasi umeme wa nyumba nzima ulikatika. Pasi ilibadilishwa, ikaletwa mpya kutoka dukani. Dobi akaiwasha, umeme ukakatika. Yule mama akaapa kwamba dobi ana mkosi, na kabla hajamfukuza, mtu akamshauri aite fundi kwanza. Fundi alishinda mle ndani kutwa nzima, akafungua soketi moja baada ya nyingine, mwisho akasimama sebuleni mbele ya picha kubwa ya harusi, akaishusha na kuung'oa msumari ulioibeba. Msumari ulikuwa umetoboa waya ndani ya ukuta. Kila kitu kinachokula umeme mwingi kikiwashwa, umeme kidogo ulitorokea kwenye msumari ukaingia ukutani, na swichi ikakata.

"Nani alipigilia msumari huu?" akauliza.

Baba mwenye nyumba akakohoa.

"Basi mwenye kosa ni wewe. Dobi hana kosa. Pasi haina kosa." Alisema hivyo mbele ya mke, mbele ya dobi, na mbele ya jirani aliyekuwa amekuja kuazima ungo. Jirani yule alisahau hata ungo wenyewe, akaenda kuisambaza habari mtaa mzima. Kufika jioni fundi alikuwa ameshapata jina.

Swichi inayokata namna hiyo watu hawaipendi. Imekaa kwenye boksi la umeme na kidole chake cha kupandisha na kushusha, na kwa wengi kazi yake ni kuudhi tu. Hakimu alikuwa akieleza kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza: swichi hii inapima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Ukitoka wote ukarudi wote, inakaa kimya. Ukipungua njiani, maana yake umevuja mahali, labda kwenye ukuta, labda kwenye mtu, na swichi haingoji kujua ni wapi. Mafundi wengine wakiitwa wanaunga kipande cha waya juu yake, ikose kazi, wanaaga na kwenda zao. Hakimu aliwaita mafundi hao wachimba makaburi, tena usoni mwao, ndiyo maana katika fani yake hakuwa na hata mtu wa kunywa naye chai.

Yeye alitafuta. Alichomoa kila kitu ndani ya nyumba, akarudisha kimoja kimoja, akipima, akingoja, akipima tena. Hilo hakuna wa kumlaumu kwalo. Ugonjwa wake ulianza akishapata. Hakuwa mtu wa kumvuta mwenye nyumba pembeni akamnong'oneza. Aliwakusanya wote, akasimama mbele ya boksi, akatoa hukumu. Kisha alichomoa penseli nyuma ya sikio, akafungua mlango wa boksi na kuandika kwa ndani tarehe na neno lake: Kosa ni birika. Kosa ni taa ya nje, imeingia maji. Kosa ni baba. Yapo maboksi mengi mjini yenye mwandiko wake hadi leo, na wenye nyumba wengine wamepaka rangi juu yake.

Mke wake alikaa naye miaka kumi na mmoja. Siku anaondoka aliwaambia ndugu zake kwamba hajapigwa, hajatukanwa, hajalala njaa, amechoka tu kuwa na makosa. Chumvi ikizidi kwenye mboga, mume anataka kujua ilitiwa mara ngapi na nani alikuwa wa mwisho kushika kijiko. Ndugu zake walicheka, wakadhani anatania. Hakutania. Hakimu akabaki kwenye chumba kimoja cha kupanga, chenye balbu mbili na soketi moja, na kila alipousimulia mkasa huo alimalizia kwa kusema kwamba kuhusu chumvi, hata hivyo, ni yeye aliyekuwa sahihi.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, ambaye tangu utotoni aliitwa Meneja kwa sababu kwenye michezo hakucheza, alipanga wenzake. Maisha yalimkubali. Alipata ofisi, akajenga nyumba ya vyumba vinne yenye vigae hadi ukumbini, akaoa mwanamke mpole aliyefundisha wanafunzi kwa kompyuta akiwa chumbani kwake. Baba yao alipofariki, mama akawa hawezi tena kuishi peke yake, na familia ikakaa kikao. Hakimu hakusema neno. Kwake lilikuwa jambo la wazi: Meneja ana vyumba vinne, yeye ana kimoja. Mama alimtazama mara moja, akangoja kidogo, kisha akaanza kukunja kanga zake. Akahamia kwa Meneja na mabegi mawili na friji.

Friji hilo baba alilinunua Hakimu akiwa bado anatambaa. Lina pembe za mviringo na mlango mzito unaojifunga kwa kishindo, na lilikuwa limepakwa rangi mara tatu. Mama aliliweka kwenye chumba chake cha nyuma, pembeni mwa ukumbi, na ndani yake alitia chupa za maji na dawa yake ya macho. Jikoni kulikuwa na friji jingine refu kama kabati. Shemeji, mke wa Meneja, aliwahi kumwambia kwamba maji yake yanaweza kukaa humo humo tu. Mama akajibu, "Ahsante mwanangu, haya yamezoeana na friji lake."

Hakuna aliyemfanyia mama ubaya katika nyumba ile, na hili lazima lisemwe. Akishika ufagio, anapokonywa kwa upole: "Acha mama, pumzika." Akiingia jikoni, anatolewa kwa upole: "Kaa tu mama, usijisumbue." Wageni wakija, mlango wa chumba chake unarudishiwa taratibu ili kelele zisimsumbue. Wajukuu wakiingia kumwona, wanaitwa wasimchoshe. Alipumzishwa asubuhi, akapumzishwa mchana, akapumzishwa jioni, mpaka mikono ikaanza kumuuma kwa kukosa kazi, akawa anaichua kwa dawa ya mgando yenye harufu kali ya mnanaa. Dawa hiyo Hakimu alimletea kila mwisho wa mwezi. Anafika, anasalimia, anaiweka mezani, anaangalia soketi zote kama ziko salama, anaondoka.

Kisha swichi ikaanza kukata.

Ilikata shemeji akiwa katikati ya somo, wanafunzi wakapotea kwenye kioo. Ilikata mtu akiwa bafuni na sabuni machoni. Meneja akachunguza mwenyewe, kimeneja: akachomoa friji la mama. Siku mbili nyumba ikatulia. Akalichomeka, baada ya saa moja umeme ukakata. Akalichomoa tena, ukatulia. Ushahidi gani tena mtu anataka? Friji lazima litoke, akasema, na mama akasema, "Friji likitoka, na mimi natoka nalo." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akichua vidole. Wote wakaona ni ukaidi wa uzee.

Meneja akampigia kaka yake simu. "Kaka, njoo Jumamosi. Mama hatusikii sisi. Wewe ukipima, ukamwambia kwamba ni friji lake, atakubali liondoke. Akisikia fundi kasema, yataisha."

"Nitasema nitakachokipata," Hakimu akajibu.

"Lakini ni friji, kaka. Tumeshalijaribu."

"Mmelijaribu. Hamjalipima."

Akaja Jumamosi asubuhi na begi lake. Akampa mama shikamoo, mama akaitika marahaba, na mkono wake ukabaki juu ya mkono wa mwanawe muda mrefu kuliko kawaida. Akaanza kazi. Alikuwa na kipimo chenye taya, unakibana kwenye waya kinakuambia umeme unaovuja ni kiasi gani. Swichi ile huvumilia uvujaji hadi miliampea thelathini kwenye karatasi, lakini kwa kweli huanza kukata ikishavuka ishirini na kitu. Akapima kimoja kimoja. Hita ya maji ya bafuni: sita. Mashine ya kufulia ya shemeji: sita. Kompyuta, televisheni na friji la jikoni pamoja: nne. Pampu ya maji: tatu. Taa za bustani ambazo Meneja alizifunga ili wageni wazione: mbili. Friji la mama: tatu.

Akatabasamu peke yake pale ukumbini. Akawaita wote, hata mama, akachomeka friji la mama, akawasha kila kitu, isipokuwa mashine ya kufulia. Wakasimama. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Swichi kimya.

"Mnaona?" akasema. "Friji limewaka, na umeme upo. Sasa niwaambie mwenye kosa ni mashine ya shemeji?"

Shemeji akatazama chini.

"Siyo mashine pia. Kila kitu humu kinavuja kidogo, hata vipya vinavuja, vimetengenezwa hivyo. Hakuna kinachovuja vibaya. Vikijumlishwa vyote ndiyo swichi inashindwa. Mngechomoa hita, mngesema ni hita. Mngechomoa taa za bustani na pampu, mngesema ni hizo. Mlichomoa friji la mama kwa sababu ndilo mlilokuwa tayari kulichomoa. Friji halina kosa."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli yote, na ndani yake mlikuwa na moja lililomchoma Meneja shingoni, kwa maana alijikuna papo hapo. Hakimu hakuliona. Alikuwa ameshashika bisibisi. Dawa yake ni rahisi, akaeleza: badala ya swichi moja kubeba nyumba nzima, ziwe mbili, kila moja na nusu yake, na waya zake za kurudi zisichanganywe. Alikuwa nayo swichi ya pili ndani ya begi. Akaifunga mwenyewe, bila kuombwa. Ya juu ikabeba hita, pampu na friji la mama. Ya chini ikabeba mashine, kundi la kompyuta, na taa. Akapima: kumi na mbili juu, kumi na mbili chini. Akawaonyesha kitufe kidogo chenye herufi T kwenye kila swichi.

"Mara moja kwa mwezi mtu abonyeze hiki. Ikikata, ujue swichi ni nzima, unaipandisha tena. Isipokata, nipigieni. Na ikikata yenyewe, andikeni saa na siku."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, hatua mbili kutoka kwenye boksi, akisikiliza kama mwanafunzi. Hakimu akachomoa penseli, akaandika ndani ya mlango wa boksi tarehe ya siku ile, na chini yake: Friji halina kosa.

Akamfuata mama chumbani, kifua mbele. Juu ya kitanda mabegi mawili yalikuwa yamefungwa tayari, kanga zimekunjwa juu yake.

"Yafungue mama. Nimekutetea. Friji linabaki."

"Linabaki," mama akasema.

"Hawana tena la kusema."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. "Na kwako, baba, umeme ukoje?"

"Kwangu hakuna shida. Balbu mbili na soketi moja."

"Soketi moja inatosha friji?"

"Inatosha sana. Lakini halihitaji kuhama, mama, ndiyo nakuambia. Nimeshapima."

Mama akaanza kulegeza kamba ya begi la kwanza.

Fundi anayesikia waya unaonguruma ndani ya ukuta hakusikia hilo. Mtu mwingine yeyote, hata yule jirani wa ungo, angeelewa kwamba mama hakuwa akiulizia soketi. Mama alitaka kutoka katika nyumba ile, na alitaka kwenda kwa mwanawe mkubwa. Lakini mama akitoka kwa mtoto bila sababu, watu wanaitafuta sababu, na mwenye kuaibika ni mtoto aliyeachwa. Wala haombi mahali pa kulala kwa mtoto ambaye kwenye kikao alinyamaza. Friji lilimpa njia. Friji bovu, fundi kathibitisha, halifai kwenye nyumba yenye vitu vingi, linafaa kwenye chumba chenye soketi moja, na mwenye friji anafuatana na friji lake. Hakuna aliyemfukuza mtu, hakuna aliyemkimbia mtu. Alikuwa amepanga vizuri kuliko Meneja. Kilichobaki ni neno moja la fundi, na fundi akaja akalisafisha friji mbele ya ukoo.

Wiki tatu zikapita. Meneja akapiga tena. "Kaka, ile swichi yako inakata."

"Haiwezekani."

"Inakata karibu kila siku. Ile ya juu. Yenye friji."

Hakimu hakulala vizuri. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kurudi kwenye nyumba kwa kosa lilelile. Asubuhi akafika kabla ya chai, akakuta wote wapo, maana ilikuwa siku ya mapumziko. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti ukumbini, nje ya mlango wake, amevaa vizuri. Mabegi hayakuonekana, lakini kitanda kilikuwa kimetandikwa kama cha mtu anayesafiri.

"Nilishawaambia, ni friji langu hilo," mama akamwambia kabla hajaweka begi chini. "Limezeeka. Wewe siku ile ulilionea huruma tu."

"Mimi sikionei kitu huruma, mama. Napima."

Akapima. Kumi na mbili juu, kumi na mbili chini, vilevile. Akachomoa friji, akalikagua waya kwa waya kwa kipimo kingine chenye mkono wa kuzungusha. Safi. Akapima hita, pampu, soketi zote za upande ule. Safi. Akaijaribu swichi yenyewe: ikakata pale inapotakiwa kukata, si kabla wala baada. Saa mbili nzima alizunguka na jasho likimtoka, huku mama akimfuata kwa macho, na kila akipita karibu mama anasema taratibu, "Ni friji, baba." Mara ya tatu alimjibu kwa ukali kidogo kwamba asimfundishe kazi.

Akamwomba shemeji lile daftari la saa na siku. Shemeji alikuwa ameandika vizuri, mwalimu ni mwalimu. Hakimu akalisoma kwa sauti, kidole kikishuka kwenye mistari. Jumatatu saa nne asubuhi. Jumanne saa nane mchana. Alhamisi saa nne. Ijumaa saa tano.

"Jumapili hakuna," akasema. "Jumamosi hakuna. Usiku hakuna hata mara moja. Friji linawaka usiku na mchana, mbona halivuji usiku? Linajua siku za kazi?" Meneja akacheka. Hakimu naye akachangamka, maana sasa alikuwa anainusa sababu. "Inakata watoto wakiwa shuleni, wewe ukiwa ofisini, shemeji akiwa amejifungia anafundisha. Hiki siyo kitu kinachovuja."

Akafungua mlango wa boksi. Akainamisha kichwa, akaitazama swichi ya juu kwa tochi. Vumbi jembamba lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, isipokuwa kitufe chenye herufi T. Kitufe kilikuwa kinang'aa. Akakipitishia kidole, kikateleza.

"Kuna mtu anabonyeza kitufe," akatangaza. "Na ana mafuta mkononi."

Akapeleka kidole puani, kama mafundi wanavyofanya kujua mafuta ni ya aina gani. Mnanaa.

Hapo alijua. Hakugeuka, lakini alijua nyuma yake mama amekaa vipi, mikono imelala vipi mapajani. Mbele ya macho yake, ndani ya mlango wa boksi, palikuwa na mwandiko wake mwenyewe, Friji halina kosa, na akaelewa kwamba kila siku alipokuja kubonyeza, mama aliusoma. Akaelewa na swali la soketi. Yote yalimfikia kwa pamoja, wiki tatu nyuma ya wakati.

"Nani?" Meneja akauliza. "Nani anabonyeza?"

Bado palikuwa na nafasi. Angeweza kusema amekosea, kitufe ni kibovu, ni friji, lipelekeni kwangu leo hii. Neno moja tu la uongo, na kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa tayari kuliamini. Shemeji mwenyewe, ambaye harufu ile aliijua kwa kupishana nayo ukumbini kila siku, alianza kusema, "Pengine ni vumbi tu, shemeji, au unyevu." Alimpa njia ya kupita. Lakini mtu ambaye miaka thelathini amesimama mbele ya maboksi akitaja mwenye kosa, mdomo wake una mazoea yake.

"Muulizeni mama," Hakimu akasema.

Nyumba iliyokuwa na upole wote ule ikasema siku ile yale iliyokuwa imeyaweka. Meneja alisema kwamba wamemlisha, wamempumzisha, wamemvumilia na friji lake, na malipo yake ni kuwahujumu gizani. Alitumia neno hilo, kuwahujumu. Shemeji alilia, akauliza, "Nimekukosea nini, mama?" na mama akamjibu, "Hujanikosea, mwanangu. Hakuna aliyekosea." Aliinuka, akaingia chumbani, akatoa mabegi kutoka chini ya kitanda.

Hakimu akamfuata. Safari hii kifua hakikuwa mbele.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Mama anamwombaje mtoto wake mahali pa kulala?"

"Twende kwangu. Twende sasa hivi. Friji na wewe."

"Sasa?" Mama alikuwa anafunga kamba. "Ulipokuja mara ya kwanza nikasema labda hajanielewa. Nikakuita mara ya pili. Unajua niliogopa kiasi gani kukigusa kitu kile? Kila siku nadhani kitanirusha. Kazi moja tu nilikutaka unifanyie, uchoke, useme ni friji. Ukashindwa kuchoka."

"Nilikuwa sijui ni wewe."

"Ulipoambiwa umtaje, ulikuwa unajua."

Hakimu alinyoosha mkono kuchukua begi, mama akalihamishia upande wa pili.

Alikwenda kukaa kwa mama mdogo, dada yake wa mwisho, safari ya kutwa nzima, kwenye nyumba ambayo umeme haujafika. Hakimu alimpeleka stendi. Gari lilipoondoka mama alikuwa anatazama mbele. Simu za Hakimu anapokea. Anauliza kama amekula, anasema anaendelea vizuri, anasema dada yake amempa bustani ya mchicha na mikono haimuumi tena, hivyo ile dawa ya kuchua asihangaike kuituma. Akimwambia atakuja kumchukua, mama anajibu kwamba laini inakatakata.

Friji aliliacha. Wiki ileile lilishushwa mlangoni kwa Hakimu na watu wawili wa kubeba mizigo, na mmoja wao akamwambia, "Bibi alisema tukuletee wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyelishindia kesi." Alisema akicheka, akidhani ni utani wa familia. Waliliweka kwenye kona ya chumba, likachukua robo ya nafasi, na bado palibaki pa kutosha kitanda cha pili. Hakimu alipapima kwa hatua zake, mara mbili.

Jioni akalichomeka kwenye ile soketi moja. Likatetemeka kidogo, likaanza kunguruma. Akaufungua mlango wake, ndani mlikuwa na chupa mbili tupu za maji, na akaufunga ukajibamiza kwa kishindo chake. Akakaa. Kisha, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya, akatoa kipimo chenye taya kutoka kwenye begi, akakibana kwenye waya, akakisogeza karibu na balbu apate kusoma. Kilisoma tatu, kama alivyosema.